Gesi Haiishi: Jibu kwa Binti Anayetaka Ufundi wa Friji na AC

Swali limetoka kwa binti wa Tanga. Nalifupisha:

"Shikamoo fundi. Nina miaka 20, nimemaliza kidato cha nne. Matokeo hayakuwa mazuri sana ila hesabu na fizikia nilijitahidi. Nataka kuwa fundi wa friji na AC. Mjomba ana karakana hapa mjini. Anasema nisiitupe hela kwenye ada, ninunue geji ya kupimia presha na mtungi wa gesi, nikae kwake mwaka mmoja nitakuwa fundi kamili. Mama anataka niende chuo cha ufundi cha VETA. Hela iliyopo inatosha jambo moja tu. Nifuate la nani? Na kazi hii mwanamke anaiweza?"

Marahaba mwanangu. Nianze na hela, maana ndiyo isiyo na subira. Hela ipeleke kwenye ada. Kwa mjomba nenda pia, tena anza wiki hii, kwa sababu kwa mjomba hulipi kitu na karakana haisubiri muhula ufunguliwe. Ila geji na mtungi wa gesi usinunue kwa sasa. Mtungi hasa. Ukiielewa sababu, utakuwa umepata nusu ya ninayowafundisha vijana wangu mwaka wa kwanza.

Mimi mwenyewe nimeanzia mtaani kabla ya kuingia darasani, kwa hiyo karakana siibezi. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa na banda la mabati, na kompresa ikiguna alijua inaumwa wapi kabla hajaishika. Ila kila ugonjwa aliutibu kwa dawa ileile. Friji haipoi? Gesi imeisha. AC inatoa upepo wa moto? Gesi. Mteja akirudi baada ya mwezi, anajaziwa tena, analipa tena, na anaondoka anashukuru.

Gesi ya friji haiishi. Haichomwi kama petroli wala hailiwi kama mkaa. Inazunguka ndani ya bomba zilizofungwa, na friji nzima inaweza kukaa miaka 20 na gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ukiona imepungua, ujue pana tundu. Kujaza bila kutafuta tundu ni kuteka maji kwa pakacha, isipokuwa hapa pakacha ni la mteja na maji ni hela yake.

Kuna mama mmoja wa Mbagala alikuwa anauza barafu za ubuyu. Friza yake ilijazwa gesi mara tatu ndani ya miezi minne. Mara mbili za kwanza ni mafundi wengine, ya tatu ni mimi, na nakiri. Aliponiita tena nikaona aibu. Nikaitoa gesi yote, nikaingiza naitrojeni (gesi isiyowaka) kwa presha, nikapaka povu la sabuni kila mahali, nikakaa kimya kuangalia. Baada ya dakika kama kumi, kwenye ubavu wa ndani, likavimba povu dogo kama punje ya ufuta, likapasuka, likavimba tena. Pembeni yake pana mkwaruzo. Nikamuuliza, "Mama, barafu ikiganda sana unaibandua na nini?" Akajibu bila wasiwasi: "Na kisu, baba. Wateja wamesimama mlangoni, nifanyeje?" Ncha ya kisu ilikuwa imetoboa aluminiamu. Tundu likazibwa, friza ikapona. Hela ya kujaza gesi mara tatu ilikwenda bure, na theluthi yake niliila mimi.

Ndiyo maana sitaki uanze na mtungi. Kijana akiwa na mtungi, kila friji anaiona ina njaa ya gesi.

Sasa elewa friji inafanya nini, kwa sababu wengi tunaifungua kabla hatujaielewa. Bibi yako bila shaka alikuwa na mtungi wa udongo wa maji ya kunywa. Maji yanatoka jasho kwenye udongo, yanakauka kwa upepo, na yanapokauka yanachukua joto la maji yaliyobaki ndani. Friji ni mtungi wa bibi uliofungwa ili jasho lisipotee. Gesi tunayoiita R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikichemkia ndani ya friza inabeba joto la samaki wako. Kompresa inaivuta, inaikandamiza, inapata moto, inasukumwa kwenye ule wavu mweusi wa nyuma, inalimwaga joto pale na kugeuka majimaji, halafu inapita kwenye kijibomba chembamba cha kapilari, presha inaanguka ghafla, inachemka upya. Leo jioni weka kiganja nyuma ya friji ya nyumbani. Joto utakalolisikia limetoka kwenye mboga ya jana. Friji haitengenezi baridi. Inahamisha joto tu, kama mpagazi.

Ukilishika hilo, utaona kwa nini hewa na maji ni adui ndani ya bomba. Unyevu ukiwemo, unaganda pale kapilari inapomwaga, unaziba njia. Friji inapoa asubuhi, mchana inaacha, ukiizima barafu ile inayeyuka, ukiiwasha inapoa tena. Fundi mvivu atakwambia gesi imepungua. Dawa yake ni vakyumu, yaani kunyonya hewa yote iliyomo ndani ya bomba. Maji hapa pwani huchemka kwenye nyuzi 100 kwa sababu hewa inayakandamiza. Iondoe hewa na maji yatachemka kwenye joto la kawaida la Tanga, yatoke kama mvuke. Presha hiyo tunaipima kwa maikroni, na ya hewa ya kawaida ni 760,000. Sisi tunaivuta hadi maikroni 500, halafu tunafunga na kusubiri tuone kama sindano itapanda. Ikipanda, kuna tundu au kuna maji.

Kwa hiyo ukifika kwa mjomba, au kwenye chuo chochote kabla hujalipa ada, uliza kwa adabu pampu ya vakyumu iko wapi. Ukionyeshwa kompresa kuukuu ya friji iliyogeuzwa pampu, jifunze mengine hapo lakini hilo usilijifunze. Haifiki kwenye maikroni 500 hata ikivuta mpaka usiku. Chuo chenye pampu iliyofunikwa plastiki, haijawahi kuguswa na mwanafunzi, nacho nakitilia shaka. Bora karakana yenye pampu moja chafu inayofanya kazi kila siku.

Halafu uliza habari ya naitrojeni. Hili si la kuchagua mahali pazuri tu, ni la kubaki hai. Wapo mafundi wanaopima mivujo kwa oksijeni, kwa kuwa mtungi wa kuchomelea uko pale pale na naitrojeni inabidi ukodi. Ndani ya kompresa kuna mafuta, na oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta hulipuka. Karakana ya jirani yetu ilifanya hivyo mwaka ambao mimi bado nashika spana za watu. Kifuniko cha kompresa kilipita juu ya bati tukakiokota ng'ambo ya barabara. Fundi aliyekuwa ameinama juu yake alikuwa amesogea kujibu simu. Hiyo ndiyo bahati yake. Ukimwona mjomba anachukua oksijeni kwa kazi hiyo, mzuie, hata kama ni mjomba. Mwambie nimekutuma mimi.

La mwisho la kuuliza ni gesi ya zamani inakwenda wapi friji inapofunguliwa. Jibu la kweli mtaani ni kwamba inaachiwa hewani. Lakini uliza, maana hapo ndipo kazi yetu inapobadilika.

Nilipoanza, friji za zamani zilikuwa na R-12. Ile ilikuwa inaharibu tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ikaipangia mwisho; kwa nchi kama zetu ulikuwa 2010. Kwenye AC ilikuwepo R-22. Nayo inaondoka: nchi zetu zilitakiwa ziwe zimepunguza matumizi ya kundi lake kwa asilimia 67.5 kufikia 2025, na kufikia 2030 ibaki kidogo sana ya kutengenezea mashine kuukuu. Halafu Oktoba 2016, hapa kwa jirani, Kigali, mataifa yakakubaliana kupunguza hata zile zilizokuja kuziba pengo, kama R-134a na R-410A, maana haziharibu ozoni lakini zinachemsha dunia. Kilo moja ya R-410A ikiachiwa hewani inaongeza joto la dunia kama kilo 2,088 za hewa ya ukaa. R-32 iliyomo kwenye AC nyingi mpya ni 675. R-600a ya friji mpya haizidi tatu hivi.

Nimekutajia namba hizi kwa sababu ya tumbo lako pia. Mtungi ambao mjomba anataka ununue, sijui ni wa gesi gani, lakini ukinunua wa R-22 leo unanunua kitu kinachoondoka sokoni. Na gesi hazichanganywi wala hazibadilishwi kiholela. AC ya R-22 ikifanya kazi vizuri, geji ya upande wa presha ya chini husoma karibu 65 hadi 70 kwa kipimo cha psi. Ya R-410A husoma karibu 120. Aliyezoea ya kwanza akikutana na ya pili atadhani imejaa kupita kiasi, aanze kuitoa, aue mashine nzima.

R-600a ndiyo inayonitisha zaidi kwa vijana. Ni gesi ya kuwaka, ndugu wa karibu wa gesi ya kupikia. Angalia kwenye kompresa kabla hujagusa: utaona kibandiko cha pembetatu ya njano chenye alama ya moto. Ukikiona, bomba unalikata kwa kikatio cha mkono, dirisha wazi, na moto wa kuchomelea usiuwashe mpaka gesi imetoka yote na umesafisha kwa naitrojeni. Mwenzangu mmoja alilisahau hilo, akakaa mwezi mzima bila nyusi. Kichekesho, lakini alikuwa sentimita chache kutoka kwenye macho.

Tena R-600a huwekwa kidogo mno. Friji nyingi za nyumbani hazifiki gramu 80. Kiasi kimeandikwa kwenye kibandiko. Ukijaza kwa kusikiliza mlio au kwa kushika bomba, kama tulivyofundishwa sisi, gramu 20 za ziada ni robo ya mzigo wote. Hii haitaki sikio, inataka mizani. Kwa hiyo hela kidogo ikibaki baada ya ada, nunua mizani ya kidijitali, na klempu mita nzuri ya kupimia umeme. Geji utatumia ya mjomba.

Nimetaja umeme, na hapa nitakaa kidogo. Friji nyingi zinazoletwa kwangu hazina tatizo la gesi hata kidogo. Ni relei ya kuwashia kompresa imeungua, ovalodi ya kuilinda isipate moto imekata, themostati imechoka, waya umelegea. AC inaguna haiwaki, unafungua unakuta kapasita, kile kifaa cha kuisaidia mota kuwaka, imeandikwa 35 na inasoma 20. Umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, kompresa inataka kuwaka wakati presha bado haijatulia, inashindwa, inapata moto, inaungua. Ndiyo maana tunawaambia watu wasubiri dakika tatu au wafunge gadi, kile kifaa cha kulinda friji umeme ukiyumba. Mwanafunzi anayetoka chuoni akiwa amesoma umeme vizuri anampita fundi wa miaka kumi ambaye umeme anaujua kwa kugusagusa. Hilo ndilo chuo kitakupa na mjomba pengine hana: mtu wa kukukalisha chini akufundishe saketi kwa mchoro, akusahihishe, akurudishe tena.

VETA wana ngazi tatu za ufundi stadi, unapanda moja baada ya nyingine. Si kila chuo chao kina kozi ya friji na viyoyozi, kwa hiyo uliza mapema. Ukikosa karibu, umeme ni mlango mzuri wa kuingilia, friji utaiongeza baadaye. Ukiona chuo binafsi kinakuvutia kwa mabango, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kabla hujatoa shilingi. Na ukija kuanza kuvuta nyaya kwenye nyumba za watu, jua kazi ya kufunga umeme ina leseni yake, inatolewa na EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Cheti kitakusaidia kuifikia.

Mjomba naye, kama ana ujuzi bila cheti, mwambie VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi wa mtaani anapimwa kwa anachokijua, anaonyeshwa mapengo yake, akifaulu anapewa cheti. Mpelekee habari hiyo kama zawadi, si kama shambulio. Utakaa naye kwa amani zaidi.

Ukifika wakati wa mafunzo kwa vitendo, usikimbilie duka la AC mjini. Uko Tanga, mkoa wa maziwa. Maziwa yakikamuliwa yanatakiwa yapoozwe haraka hadi nyuzi 4, na kila kituo cha kukusanyia kinahitaji tangi la kupozea. Tangi likizima usiku, asubuhi ni maziwa ya kumwaga. Fundi anayeaminika kwenye matangi hayo hapigiwi simu kuulizwa bei, anapigiwa kuulizwa amefika wapi. Friji za chanjo za hospitali nazo ni hivyo hivyo, nyuzi 2 hadi 8, haiendi juu wala chini. AC za majumbani zina msimu: kaskazi ikivuma simu haitulii, kusi ikiingia unakaa unasafisha vifaa. Baridi ya chakula na dawa haina msimu.

Sasa la mwanamke. Kompresa ya friji ya nyumbani ina kilo 7 hadi 10, ndoo ya maji ya lita 20 unayoibeba kichwani ni mara mbili yake. Uniti ya nje ya AC ndogo mara nyingi inapita kilo 25, na hiyo hakuna mwenye akili anayeipandisha ngazi peke yake, awe na misuli ya namna gani. Urefu wa ngazi na jua la juu ya bati ndivyo vitakavyokuchosha, na vinamchosha kila mtu. Utakutana na wateja watakaokuuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Wachache watakuwa na lugha mbaya, nenda na mwenzako siku za mwanzo. Lakini kuna jambo wanaume wa kazi hii hawalisemi. Nyumba nyingi za pwani, mume akiwa kazini au safarini, mke hapendi mwanaume asiyemjua aingie mpaka jikoni. Friji inakaa mbovu siku tatu ikisubiri mwenye nyumba arudi. Wewe utaingia siku hiyo hiyo. Ninaye binti mmoja niliyemfundisha, mitaa miwili mizima ni yake kwa sababu hiyo tu, na mimi mwalimu wake nikipita huko napewa chai, sipewi kazi.

Wakati unasubiri chuo, fanya hivi. Kwa mjomba lazima kuna lundo la kompresa zilizokufa. Chagua tano. Kila moja ina pini tatu: ya pamoja, ya kuanzia na ya kuendeshea. Ikiwa haijaunganishwa na umeme wowote, pima ukinzani kati ya pini mbili mbili kwa mita. Utapata namba tatu, na kubwa kuliko zote inatakiwa iwe jumla ya zile mbili ndogo. Ukipata 14 na 22, ya tatu iwe 36 au karibu sana. Pini mbili zinazotoa namba kubwa ni za kuanzia na kuendeshea. Iliyobaki ndiyo ya pamoja. Kutoka kwenye hiyo ya pamoja, namba ndogo kabisa inaelekea kwenye ya kuendeshea. Halafu pima kila pini na ganda la chuma, palipokwaruzwa rangi: mita isisome kitu. Ikisoma, waya wa ndani umegusa mwili, na ile inaua mtu.

Ziandike kwenye daftari, kompresa moja mstari mmoja, halafu ubashiri ipi kati ya tano bado nzima. Nina hakika kwenye lundo hilo ipo moja iliyotupwa ikiwa hai, maana fundi aliyeitoa alikuwa na haraka. Ukiipata, usimcheke mjomba. Niletee hizo namba.